Kiongozi wa upinzani ajichunge mpaka wapi kabla ya uchaguzi mkuu?

Machi 3, 1993, zikiwa zimebaki siku 10 Waaustralia wapige kura, kiongozi wa upinzani wa nchi hiyo, John Hewson, aliketi studio mbele ya mtangazaji Mike Willesee. Swali lilikuwa jepesi kabisa: nikienda dukani kununua keki ya siku ya kuzaliwa, hiyo kodi yako mpya itanifanya nilipe zaidi au pungufu? Hewson alikuwa profesa wa uchumi, akajaribu kujibu kwa usahihi. Akasema inategemea ni keki ya namna gani, imepambwa au haikupambwa, na kwa sasa inatozwa kodi gani. Kila alivyofafanua ndivyo alivyozidi kuzama. Machi 13 akashindwa uchaguzi ambao wengi walishampa, maana uchumi ulikuwa taabani na chama cha Labor kilikuwa kimekaa madarakani miaka 10.

Mpango wa Hewson, uliobeba kodi hiyo mpya ya bidhaa na huduma na uliotolewa Novemba 1991, ulikuwa kitabu cha kurasa zaidi ya 600. Hakushindwa kwa uvivu. Alikuwa na majibu mengi mno, na kila jibu lilimpa Waziri Mkuu Paul Keating mahali pa kupiga. Hadi leo wanasiasa wa Australia husema mpinzani anayetaka kushinda awe "shabaha ndogo": asijitanue, asiache pa kulengwa.

Nianze na upande huu kwa sababu ndiko ushauri wa kujichunga ulikokomaa, na kwa sababu watu wengi wanaouleta kwetu hawasemi ulitoka katika mazingira gani.

Msingi wa ushauri wenyewe una mantiki. Chaguzi nyingi haziamuliwi na mapenzi kwa upinzani, zinaamuliwa na uchovu wa watu kwa walioko madarakani. Serikali iliyochokwa inahitaji jambo moja tu ili ipone: watu waache kuitazama yenyewe na waanze kumkagua mpinzani. Huko Uingereza mwaka 1992 ndicho kilichotokea. Chama cha Labour chini ya Neil Kinnock kilitangaza mapema bajeti ambayo kingeipitisha kikishinda, iliyoandaliwa na John Smith, ikieleza waziwazi nani atalipa kodi zaidi. Wahafidhina wakaacha kujitetea kuhusu mdororo wa uchumi, wakahamishia kampeni nzima kwenye kodi za Labour. John Major akashinda.

Miaka mitano baadaye Tony Blair hakurudia kosa hilo. Aliahidi kutopandisha viwango vya kodi ya mapato, akaahidi kufuata kwa miaka miwili mipango ya matumizi ya serikali aliyotaka kuing'oa, na ahadi zake kuu tano akazichapa kwenye kikadi kinachoingia mfukoni. Mwanasiasa mkongwe Roy Jenkins alimfananisha na mtu aliyebeba chombo cha thamani cha kaure ya enzi ya Ming akivuka sakafu inayoteleza. Blair alivuka salama, akapata wingi wa viti 179 bungeni. Tangu hapo kila mpinzani anayeongoza kwenye tafiti za maoni huambiwa na washauri wake abebe chombo na aangalie miguu.

Keir Starmer wa Labour alikibeba chombo hicho mwaka 2024 na akavuka pia. Viti 411. Lakini hesabu ya kura inasimulia habari nyingine: asilimia 33.7 tu, kura kama milioni 9.7, pungufu kuliko zile ambazo Jeremy Corbyn alizipata aliposhindwa mwaka 2019. Halafu ikaja Julai 29, wiki chache tu baada ya kuingia madarakani. Waziri wa Fedha Rachel Reeves akatangaza kwamba posho ya kupashia joto nyumba wakati wa baridi itaondolewa kwa wastaafu karibu milioni 10. Hakuna mpiga kura aliyekuwa ameulizwa juu ya hilo. Mwaka uliofuata serikali ikalazimika kurudi nyuma na kuirudisha kwa walio wengi, lakini imani ilishamomonyoka. Gharama ya ukimya wa kampeni ililipwa Ikulu, kwa maana ya ofisi ya waziri mkuu, si kwenye sanduku la kura.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mashabiki wa chombo cha kaure. Wanahesabu siku ya matokeo tu. Mtu aliyeingia madarakani bila kusema atafanya nini hana wa kumtetea siku atakapofanya jambo gumu, kwa kuwa hata waliompa kura hawakumtuma hilo. John Howard wa Australia alilielewa hili kuliko wenzake. Mwaka 1995 aliapa kwamba kodi ile ya Hewson haitarudi kamwe, akashinda kwa kishindo mwaka uliofuata. Alipobadili mawazo hakuipenyeza kimyakimya, aliirudisha kwa wapiga kura mwaka 1998, akaponea chupuchupu, na kodi ikaanza kutozwa mwaka 2000 akiwa na idhini mkononi.

Sasa turudi nyumbani. Hoja hizi zote zina sharti lililofichika: kwamba kura zitahesabiwa na kwamba mpinzani ataruhusiwa kufika kwenye kura. Mwingereza anapoambiwa ajichunge, anaambiwa achunge ulimi kuhusu kodi. Mpinzani wa Lusaka, Kampala au Dodoma akiambiwa neno hilohilo, mara nyingi anaambiwa achunge mwili wake: asiandamane, asitukane mtu fulani, asipite barabara fulani, asije akafunguliwa kesi isiyo na dhamana. Hizi ni tahadhari mbili tofauti kabisa, na mjadala wetu huzichanganya. Mtu anaweza kuwa mwoga wa sera na jasiri wa barabarani, au kinyume chake. Zaidi ya hapo iko ya tatu, ya kulinda kura, ambayo haina uhusiano wowote na kukaa kimya.

Mfano ambao ningependa wapinzani wa ukanda huu wausome kwa makini ni wa jirani yetu Zambia.

Hakainde Hichilema alichukua uongozi wa chama cha UPND mwaka 2006 na akashindwa mara tano: 2006, 2008, 2011, 2015 na 2016. Ile ya Januari 2015 aliikosa kwa kura 27,757. Ile ya Agosti 2016 aliikosa kwa takriban kura 100,000, akaenda mahakamani, na shauri lake likafa bila kusikilizwa kwa sababu siku 14 za kisheria zilikwisha. Akakataa kumtambua Rais Edgar Lungu.

Aprili 2017 wote wawili walikwenda Magharibi mwa nchi kwenye Kuomboka, sherehe ya Walozi ambapo mfalme wao, Litunga, huhama kwa mashua kutoka bonde lililofurika kwenda makazi ya juu. Njiani karibu na Mongu, msafara wa rais ukaja, na msafara wa Hichilema ukadaiwa kutokaa pembeni kuupisha. Siku chache baadaye polisi walivamia nyumba yake Lusaka usiku kwa mabomu ya machozi. Kosa la barabarani likageuka kesi ya uhaini. Akakaa mahabusu miezi minne, hadi Agosti 16, 2017, serikali ilipoifuta kesi baada ya usuluhishi ulioshirikisha Jumuiya ya Madola.

Ukiisoma kwa haraka utasema: angejichunga, angepisha tu, yangeisha. Labda. Lakini tazama alichobadilisha baadaye na alichokiacha vilevile. Hakuacha kusema kwamba serikali inaiba na inakopa hovyo. Alichokifanyia kazi ni udhaifu wake wa kweli, kwamba chama chake kilionekana cha Watonga wa Kusini. Kwa uchaguzi wa 2021 alimchukua Mutale Nalumango, mwanamke wa Kaskazini, kuwa mgombea mwenza. Akaahidi elimu bure, ahadi kubwa na inayopimika, si shabaha ndogo hata kidogo. Vijana wakamwita Bally, yaani mshua, na yeye akalipokea jina bila kujifanya mkubwa. Mambo mengine yaliletwa na Lungu mwenyewe: Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya hatifungani yake ya nje, kwacha ikaporomoka, bei ya unga na mafuta ya kupikia ikapanda.

Kampeni yenyewe ilikuwa ya kubanwa. Mikutano ya hadhara ilizuiwa kwa sababu ya UVIKO, na polisi walimzuia kuingia baadhi ya miji huku chama tawala kikigawa fulana na vitenge. Hapo ndipo Wazambia walipoonyesha kitu ninachokihusudu. Watu walivaa kijani cha chama tawala cha PF, wakapokea unga na sukari, wakapiga makofi, kisha wakaenda kupigia kura nyekundu ya UPND. Waliliita jambo hilo tikiti maji: nje kijani, ndani nyekundu. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 2011 Michael Sata aliingia madarakani kwa kaulimbiu ya Donchi Kubeba, usiwaambie.

Kwa hiyo aliyejificha Zambia alikuwa mpiga kura. Kiongozi alikuwa hadharani muda wote, na ndiyo sababu mpiga kura aliweza kujificha: alijua kwa hakika anamfichia nani. Siku ya kupiga kura, Agosti 12, 2021, mitandao ya kijamii ilizimwa, na Mahakama Kuu ikaamuru irudishwe. Mtandao wa uangalizi wa makanisa ya Kikristo, CCMG, ulikuwa umejipanga kufanya hesabu sambamba kwa sampuli ya vituo, kwa hiyo matokeo ya kupikwa yangejulikana. Hichilema akatangazwa mshindi, na hesabu ya mwisho ikampa kura 2,852,348 dhidi ya 1,870,780 za Lungu. Pengo la karibu milioni moja halichakachuliki usiku mmoja.

Tanzania inatoa somo chungu zaidi, kwa sababu hapa njia zote mbili zilijaribiwa ndani ya chama kimoja na ndani ya miaka mitatu. Machi 4, 2022 mwenyekiti wa Chadema Freeman Mbowe alitoka gerezani baada ya mashtaka ya ugaidi kuondolewa, na siku hiyohiyo akaonana na Rais Samia Suluhu Hassan Ikulu. Yakafuata maridhiano. Mbowe alilaumiwa sana na vijana wa chama chake kwa kulainika, lakini tusimnyime haki yake: Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara lililodumu tangu enzi za Magufuli liliondolewa, na Tundu Lissu akarudi nchini. Subira ilileta kitu. Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, wagombea wengi wa upinzani wakaenguliwa, na CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Hoja ya kuvumilia ikafa pale.

Januari 2025 Lissu akamwangusha Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482. Tofauti ya kura 31 inaonyesha jinsi chama kilivyogawanyika katikati kabisa juu ya swali hilihili. Lissu akazunguka na kaulimbiu ya No Reforms, No Election: bila mabadiliko ya sheria za uchaguzi, hakuna uchaguzi. Aprili 9 alikamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, baada ya mkutano, na kesho yake akasomewa shtaka la uhaini, ambalo halina dhamana. Siku chache baadaye Chadema haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi na Tume ya Uchaguzi ikasema chama hicho hakitashiriki uchaguzi. Waliosema ni bora kushiriki kwa mbinde kuliko kususa wakahamia chama kingine cha upinzani, CHAUMMA.

Na waliojichunga walipata nini? ACT-Wazalendo ilifuata taratibu, ikachukua fomu, ikaona mgombea wake wa urais, Luhaga Mpina, akienguliwa, akarudishwa na mahakama, akaenguliwa tena. Oktoba 29 uchaguzi ulifanyika. Yakafuata maandamano, watu kuuawa, intaneti kuzimwa, amri ya kutotoka nje Dar es Salaam. Rais akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Aliyepiga kelele alikuwa gerezani, na aliyenyenyekea hakuwepo kwenye karatasi ya urais.

Ndiyo maana huwa sielewi mtu anayesema Lissu alikosea mbinu kana kwamba kulikuwa na mbinu nyingine iliyokuwa ikiongoza kwenye ushindi. Mjadala wa kujichunga una maana pale tu ambapo matokeo hayajulikani kabla ya kura. Pale yanapojulikana, mpinzani anachagua aina ya hasara, na swali linakuwa ni ipi itakayomwachia chama na heshima ya kuanzia upya. Hilo ni swali la kweli, lakini si la mikakati ya kampeni.

Kenya iko katikati, na ndiyo inayonivutia zaidi tunapoelekea Agosti 10, 2027. Kura za Kenya hupingwa, huibua kesi, lakini mshindi hajulikani mapema. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211 tu. Katika nchi kama hiyo tahadhari na ujasiri vyote vina bei, na hakuna mwanasiasa aliyeilipa bei ya tahadhari mara nyingi kuliko Kalonzo Musyoka.

Mwaka 2007 alisema atapita katikati ya wale wakubwa wawili. Akapata kama asilimia 9, na nchi ilipokuwa ikiungua Januari 2008, akakubali umakamu wa rais kwa Mwai Kibaki. Kisha Januari 30, 2018. Uhuru Park ilifurika tangu asubuhi. Vituo vitatu vikubwa vya televisheni vilizimwa. Muungano wa upinzani wa NASA ulikuwa umetangaza kwamba Raila ataapishwa kuwa rais wa wananchi na Kalonzo naibu wake. Raila alipanda jukwaani, akainua Biblia, akaapa peke yake. Kalonzo hakutokea, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula vilevile. Kisheria kiapo kile hakikuwa na thamani yoyote, na kukaa mbali nacho kulikuwa na busara ya wakili. Lakini umati uliokaa juani kutwa nzima haukuwa na shida ya kisheria. Machi 9 Raila alipopeana mkono na Uhuru Kenyatta mbele ya Harambee House, hakuwaita wenzake wa NASA, na hawakuwa na la kumlaumu kwalo. Kenya nayo ina tikiti maji lake: ni jina la kejeli alilobandikwa Kalonzo, na maana yake ni ileile, nje rangi moja na ndani nyingine, ila safari hii aliyevaa rangi mbili ni kiongozi.

Sasa Raila hayupo tena, amefariki Oktoba 2025, na chama chake cha ODM kilishaingia kwenye serikali ya Ruto. Kalonzo, Rigathi Gachagua, Martha Karua, Fred Matiang'i na wenzao wa upinzani wakakaa meza moja, wakakwepa kwa muda mrefu kumtaja nani atakuwa mgombea. Sababu wanayoitoa wanaowatetea inafahamika: ukimtaja mapema, dola nzima itamgeukia yeye, na vyama ambavyo havikupata vitaanza kununuliwa kimoja kimoja. Hofu hiyo si ya kubuni. Mei 2022 muungano wa Azimio ulipomtaja Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila, Kalonzo alitoka na kutangaza atagombea mwenyewe, akarudi Juni 2 baada ya tume kukataa karatasi zake.

Ningemshauri Kalonzo, au yeyote atakayesimama, kuchunga ulimi kuhusu mambo mawili: asitoe hesabu za kodi ambazo hajazipiga mpaka shilingi ya mwisho, maana vijana waliopinga Muswada wa Fedha Juni 2024 wanasoma vifungu kuliko wabunge wao, na asitoe ahadi za vyeo ambazo zitavuja. Lakini kuhusu nani anagombea, ukimya una tarehe ya kuisha muda. Katiba inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Huwezi kujenga hiyo Garissa, Kwale na Turkana kwa wiki tisa.

Na kuna jambo la mawakala. Mwaka 2022 tume ilikuwa na vituo 46,229, na kila kimoja kilijaza fomu ya matokeo ya kituo, 34A, iliyopandishwa kwenye tovuti watu wote waione. Ni mfumo mzuri kuliko mingi Afrika, ila unamlinda mwenye nakala yake tu. Baada ya matokeo, makada wa Azimio walilalamika hadharani kwamba vituo vingi havikuwa na mawakala wao. Hata ukiweka mtu mmoja tu kwa kila kituo, hao ni zaidi ya 46,000 wa kutafutwa, kufundishwa, kulishwa na kulipiwa nauli, pamoja na simu yenye chaji ya kupiga picha fomu saa nane za usiku. Vyama vitano visivyojua nani anagombea kila kimoja kitasubiri mwenzake atoe fedha. Na wakala wa Lodwar, kabla hajakubali kukesha na masanduku, atataka kwanza aambiwe anamlindia nani.